Nilichukua likizo ya miezi sita, blogu ikapotea mwezi wa nne. Wenzangu mnaiachaje?

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Nina kisa, na nakileta ili kila mwenye uzoefu aongeze chake. Kuanzisha blogu tunafundishana kila siku. Kuiacha kwa muda na kuikuta salama, sijaona uzi.

Blogu yangu ni ya binafsi, huu ni mwaka wa tisa. Nilifika mahali nafungua ukurasa mweupe, naandika aya moja, nafuta, nafunga kompyuta. Wiki baada ya wiki. Nikaamua miezi sita siandiki. Nikaweka bandiko la kuaga, nikaandaa makala 12 za akiba zijitoe zenyewe kila baada ya wiki mbili, nikafuta kwenye simu kila programu inayohusiana na blogu, na barua pepe ya blogu nikaapa siifungui. Nilijiona nimepanga mambo kiutu uzima.

Mwezi wa nne rafiki akaniandikia: "Umefunga blogu? Naona matangazo tu." Nikadhani utani. Kufungua, kweli. Jina la blogu juu, chini yake viungo vya mikopo na viatu.

Ilikuwa hivi. Domeini, yaani anwani ya blogu mtandaoni, niliiweka ijilipie yenyewe kila mwaka. Kadi ya benki niliyoiunganisha iliisha muda nikiwa likizo, benki wakanipa mpya, mimi sikukumbuka kuibadilisha kule kwa msajili, kampuni iliyoniandikishia domeini. Malipo yakagoma. Msajili siwezi kumsingizia, alinijulisha. Kwa domeini kama .com na .org, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, zinamtaka atume taarifa takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, nyingine takriban wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Sasa sikilizeni: anwani niliyomwachia ilikuwa ya domeini ile ile. Taarifa mbili za kwanza zilifika, sikuzisoma kwa sababu "nimepumzika". Ya tatu haikuwa na pa kufikia, domeini ilipozimwa na barua pepe ilizimika nayo. Nilifungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Kilichoniokoa ni kwamba domeini za aina hiyo hazipotei siku ya kwanza. Msajili anaweza kuishikilia hadi siku 45 baada ya kuisha. Akiiachia, kuna siku 30 za ukombozi, ambapo mwenye mali tu ndiye anaweza kuirudisha, kwa ada ya ziada. Zikipita hizo kuna siku 5 ambazo huwezi kufanya lolote, kisha jina linarudi sokoni na yeyote analichukua. Mimi nilidaka ndani ya zile 30. Ada ya ukombozi ilikuwa mara kadhaa ya ada ya mwaka, na niliilipa bila kunung'unika. (Domeini za nchi zina taratibu zake, msije mkanishika shati kwa hizi siku.)

Swali langu: nyie mkitaka kupumzika mnafanyaje?

#2 Nondo

Nimekaa mkao wa kusoma. Pole mkuu.

#3 Fundi Seva

Pole sana mleta uzi. Kazi yangu ni hizi seva, kompyuta zinazobeba tovuti, na kisa chako nimekiona kwa watu wengi kuliko udukuzi. Blogu nyingi haziuawi na adui, zinakufa kwa bili.

Kabla mteja wangu hajaenda likizo namwandikisha karatasi moja. Karatasi kabisa. Domeini imesajiliwa wapi na inaisha lini. Hostingi, yaani huduma inayotunza faili za blogu, iko wapi na inaisha lini. Kadi gani inalipia kila kimoja na kadi yenyewe inaisha lini. Barua pepe gani inapokea taarifa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nadhani walimwona mtu mwenye domeini tatu kwa wasajili watatu.

Halafu lipia mbele. .com unaweza kuilipia hadi miaka 10. Huhitaji yote hiyo, lakini kama likizo yako inavuka tarehe ya kulipia, lipa kabla ya kuondoka, ukiwa na akili timamu. Na barua pepe ya msajili iwe ya nje ya domeini hiyo. Hili mleta uzi ameshalilipia karo.

#4 Mbishi Halali

Samahani wakuu, mimi sielewi. Kama umechoka si uifunge tu? Weka kibao "tuko kwenye matengenezo, tutarudi", basi. Nani atakufa?

#5 Fundi Seva

> Weka kibao "tuko kwenye matengenezo"

Kaka, hicho kibao ndicho kinachoua blogu taratibu. Vibao vingi vya matengenezo hutuma msimbo 503, maana yake "sipo kwa muda, rudi baadaye". Google wenyewe wanashauri usikae hivyo zaidi ya siku moja au mbili. Ukiendelea, mitambo yao inaanza kuziondoa kurasa zako kwenye faharasa. Ukirudi baada ya miezi sita unakuta makala yako ya miaka mitano haipatikani kwenye utafutaji, na kila aliyekuwekea kiungo kinampeleka kwenye kibao.

Kutoandika hakukuadhibu hivyo. Ukurasa mzuri wa zamani unabaki mzuri. Kuna mada zinazohitaji upya, kama habari za siku au bei za vifaa, hizo utapitwa. Lakini makala ya namna ya kushona zipu haichachi.

#6 Mbishi Halali

Sawa, hapo nimekuelewa. Naondoa kibao changu leo leo. Kipo tangu mwaka jana, msinicheke.

#7 Bi Rasimu

Mimi nitasema la maoni, maana hapo ndipo nilipoumia.

Naandika kuhusu kuuguza mzazi nyumbani. Nilipofiwa niliiacha blogu kama ilivyo, sikuaga mtu, sikuwa na nguvu. Maoni nilikuwa nimeyaweka yasubiri kibali changu. Niliporudi wiki ya saba nilikuta spamu mamia kwa mamia, hiyo unafuta na kusahau. Katikati yake kulikuwa na maoni ya dada mmoja, ameyaandika usiku wa manane: mama yake anakataa dawa, hajui amwambie nini, anaomba nimjibu. Siku tatu baadaye ameandika tena, mstari mmoja: "Nadhani umeondoka, samahani kwa usumbufu."

Nilimjibu. Hakurudi, au alirudi akakaa kimya, sijui.

Tangu siku hiyo nikipumzika nafunga maoni ya blogu nzima, na fomu ya mawasiliano naiondoa. WordPress, mfumo ninaoendeshea blogu, ina sehemu kwenye mipangilio ya mjadala ya kufunga maoni yenyewe kwenye makala zilizozidi siku kadhaa, ukiiwasha inakuja na 14, unabadilisha upendavyo. Juu ya kurasa naweka sentensi mbili: siandiki kwa sasa, na maswali ya haraka mpeleke kwa muuguzi au daktari wenu. Mlango uliofungwa wazi mtu anauona akapita pengine. Mimi nilimwachia uliorudishiwa tu, akakaa anabisha.

#8 Nondo

Dada umenigusa. Pole kwa msiba.

#9 Mama Aya

Pole sana Bi Rasimu.

La kuaga mimi nina msimamo tofauti na mleta uzi. Nilipojifungua nilikaa nje mwaka na ushei. Usitaje tarehe ya kurudi. Mara ya kwanza niliandika "tutaonana baada ya miezi mitatu", mwezi wa tatu ulipofika mtoto halali, mimi silali, na ile ahadi imebandikwa pale inaniangalia. Nikarudi kwa lazima, nikaandika makala mbili mbovu, nikapotea tena bila kuaga, kwa aibu. Mara ya pili niliandika "nipo mapumzikoni, makala za zamani zote zipo". Hakuna aliyeuliza lini.

Na kwa wanaopiga picha za nyumba zao na kuandika kuhusu mtaa wao: usitangaze kwamba umesafiri. Likizo ya kalamu na safari ya mwili ni mambo mawili, la pili lisimulie ukisharudi.

#10 Kalamu Butu (mleta uzi)

Asanteni, nazidi kujifunza. Dada Mama Aya, kumbe lile bandiko langu la kuaga lilikuwa na kosa hilo hilo, nilitaja hadi siku.

Naongeza ambalo sikulisema mwanzo. Zile makala 12 za akiba: nilipoingia nilikuta tano zimetoka, nyingine zimeandikiwa "muda umepitwa", ziko pale pale. Na nyingine zilikuwa za kabla domeini haijazimwa! Nani anajua kwa nini?

#11 Fundi Seva

WordPress haina saa yake inayotembea. Kila mgeni anapofungua ukurasa, ndipo inaamka na kujiuliza: kuna kazi ambayo muda wake umefika? Kama blogu haina wageni saa hizo, au una keshi inayowapa wageni ukurasa uliokwisha kupikwa bila kuigusa WordPress yenyewe, hakuna anayeiamsha. Makala inachelewa au inapitwa kabisa. Sasa fikiria: umeacha kuandika, wageni wamepungua, na wageni ndio saa. Likizo yenyewe inaharibu ratiba ya likizo.

Dawa ni kuzima huo utaratibu na kuifanya seva iiamshe WordPress kila baada ya dakika chache. Hostingi nyingi zina sehemu ya "cron" kwenye paneli, muulize wa huduma kwa wateja akuwekee. Hata masasisho ya kujiendesha yanategemea saa hiyo hiyo, kwa hiyo usilidharau.

#12 Msomaji Kimya

Mimi siandiki, nasoma tu, blogu kama arobaini hivi kwa RSS, njia ya kuletewa makala mpya za blogu zote mahali pamoja. Naomba niseme kwa niaba ya wasomaji: hatukai tunahesabu siku. Blogu ikinyamaza haichukui nafasi yoyote kwangu. Ikiandika tena, inajitokeza juu ya orodha, nafurahi. Google Reader, programu ya kusomea RSS, ilipofungwa Julai 2013 watu walisema RSS imekufa. Nilihamisha orodha yangu kwenye programu nyingine siku hiyo hiyo, na blogu zilizolala miaka miwili bado huniamkia humo.

Kinachonikera ni makala za akiba. Zinajulikana! Mtu anaandika kwa pumzi yake, ghafla zinaanza kuja makala zenye urefu mmoja, saa moja, hazigusi chochote kinachoendelea duniani, ukiuliza swali hakuna anayejibu. Ni kama kuongea na mtu aliyekuachia koti kwenye kiti.

#13 Mbishi Halali

Hapo nabisha. Ukinyamaza miezi sita unarudi peke yako. Mwendelezo ndio kila kitu, muulize yeyote anayeishi kwa blogu.

#14 Msomaji Kimya

Anayeishi kwa blogu ana biashara, hilo lingine. Mleta uzi kasema binafsi. Jason Kottke ameandika kottke.org tangu 1998, na ile ndiyo kazi inayomlisha, kwa michango ya wanachama wake. Mei 2022 alitangaza anapumzika, akanyamaza miezi kadhaa, mwishoni mwa mwaka ule akarudi. Bado yupo anaandika.

#15 Mbishi Halali

Huyo ana jina, mimi na wewe je?

#16 Bi Rasimu

Asiye na jina ndiye mwenye haki zaidi ya kunyamaza, hana anayemdai.

Ila kuhusu akiba nakubaliana na Msomaji Kimya kwa sababu nyingine. Makala iliyopangwa haisomi habari. Mwenzangu mmoja aliacha kichekesho kuhusu woga wa kupanda ndege, kikatoka asubuhi ambayo kila mtu ana simanzi ya ajali. Yeye alikuwa amezima simu, kama alivyoshauriwa. Alipowasha alikuwa ameshatukanwa siku mbili.

#17 Ukurasa Tuli

Ninyi wote mnateseka na WordPress. Hamieni kurasa tuli. Mimi natumia Hugo, programu ya kutengeneza kurasa hizo, ukurasa ni faili tu, hakuna hifadhidata, hakuna plagini (vile vijiprogramu vya nyongeza), hakuna cha kudukua wala kusasisha. Nimeacha miaka miwili, nimerudi, iko vile vile.

#18 Fundi Seva

Nakuunga mkono nusu. Kwa anayejua kuitumia, hakuna kinacholala vizuri kama faili tuli. Lakini domeini yako nayo inalipiwa, na cheti cha usalama nacho kinaisha. Let's Encrypt, shirika la kutoa vyeti hivyo, wanatoa vya siku 90, na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Kama kujihuisha kwake kumekwama, utajua msomaji anapoambiwa na kivinjari kwamba tovuti yako si salama. Na tunakoelekea ni vyeti vifupi zaidi: kwa uamuzi uliopitishwa Aprili 2025, ukomo unashuka hatua kwa hatua hadi siku 47 kufikia Machi 2029. Ile tabia ya kuweka cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka inakwisha.

Weka huduma ya kuchungulia tovuti, zipo za bure, ikutumie ujumbe kwenye simu ikikuta blogu haifunguki au cheti kinakaribia mwisho. Ujumbe mmoja wa shida tupu. Huo haukuvunjii likizo.

#19 Nondo

Na sisi wa Blogger? Hatulipi kitu.

#20 Mama Aya

Hulipi, lakini unaishi ndani ya akaunti ya Google. Mwaka 2023 walitangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vilivyomo. Kwa likizo ya miezi haikuhusu, kwa "nitarudi tu siku moja" inakuhusu sana. Wana pia mpangilio wa akaunti isiyotumika, upo tangu 2013, unamchagua mtu wa kujulishwa na kupewa data zako ukipotea muda fulani. Mimi nimemwandika dada yangu.

Na bure isikulevye. GeoCities, huduma ya zamani ya kurasa za watu binafsi, ilikuwa bure, ikafungwa 2009, na kurasa za watu mamilioni zikaondoka nayo. Pakua nakala yako.

#21 Kalamu Butu (mleta uzi)

Umetaja nakala, nimekumbuka aibu nyingine. Nilikuwa na bakapu! Nilisafirisha faili kutoka WordPress kabla ya likizo, nikaiweka salama, nikatembea kifua mbele. Juzi nikaijaribu kwenye blogu ya majaribio: maneno yote yapo, picha hakuna hata moja. Kumbe ile faili inabeba anwani za picha, picha zenyewe inazifuata kwenye blogu ya zamani. Blogu ya zamani ikiwa imekufa, inafuata hewa.

#22 Fundi Seva

Ndiyo maana nawaambia watu: bakapu ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini. Chukua hifadhidata pamoja na folda nzima ya faili. Nakala moja isikae kwenye hostingi ile ile, maana hostingi ikikusimamishia akaunti kwa deni, na bakapu imesimamishwa.

Na plagini usizotumia zifute kabisa kabla ya kuondoka. Kuizima tu hakutoshi, faili zake zinabaki kwenye seva na tundu lake likigunduliwa linaweza kutumika. Zinazobaki, washa zijisasishe zenyewe, WordPress imeruhusu hilo tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020. Najua kuna watakaosema sasisho linaweza kuvunja blogu. Linaweza. Kurudisha plagini iliyovunja ukurasa ni kazi ya jioni moja. Kusafisha blogu iliyodukuliwa nikiwa sipo kwa miezi mitatu, naomba yasinikute tena.

#23 Ukurasa Tuli

Ndio maana nasema Hugo...

#24 Nondo

Tumekusikia mkuu 😂

#25 Mama Aya

Kuna njia ya tatu hatujaigusa, kumwachia mtu. Nilimwachia rafiki ninayemwamini, nikampa nywila yangu. Siku ya kwanza akaniamsha saa tisa usiku: mfumo unataka namba iliyotumwa kwenye simu yangu. Usitoe nywila yako. Mfungulie akaunti yake, ya mhariri kama utataka aguse makala zako, ya mwandishi kama ataandika zake tu. Ya msimamizi mkuu abaki nayo mmoja, na misimbo ya dharura ya kuingilia ichapishe uiweke droo moja na ile karatasi ya Fundi.

Na mkubaliane mapema asiyafanye yapi. Wangu alibadilisha rangi za blogu "kunishtukiza". Alinishtukiza.

#26 Msomaji Kimya

Mleta uzi, swali la uchokozi. Wakati wa likizo ulikuwa unaangalia takwimu za wasomaji?

#27 Kalamu Butu (mleta uzi)

Umenishika. Barua pepe niliapa siifungui, nikatii. Programu nilifuta. Lakini ukurasa wa takwimu nilikuwa naufungua kwa kivinjari, usiku, karibu kila siku kwa miezi miwili ya kwanza. Nikaacha nilipoona nimenuna siku nzima kwa sababu ya mstari ulioshuka. Kwa hiyo nilikwepa taarifa za msajili zilizokuwa na maana, nikasoma namba ambazo sikuwa na la kuzifanyia. Sijawahi kumwambia mtu.

#28 Bi Rasimu

Wengi tuko hapo kaka. Mimi nilimpa mdogo wangu nywila ya takwimu aibadilishe asiniambie.

#29 Mbishi Halali

Haya, mada imenikolea hata mimi mbishi. Ukirudi unaanzaje? Unaomba radhi?

#30 Msomaji Kimya

Tafadhali msiombe radhi. Nimesoma mabandiko ya "samahani kwa kimya kirefu" hadi nayajua kwa moyo, na mengi ndiyo ya mwisho kwenye blogu hizo. Mtu anatumia nguvu zote kueleza alikuwa wapi, zinaisha hapo. Andika jambo lililokurudisha. Kama kuna la kueleza, mstari mmoja chini.

#31 Nondo

Mkuu mleta uzi, sasa umerudi kuandika au bado?

#32 Kalamu Butu (mleta uzi)

Bado. Domeini nimeilipia miaka mitatu, barua pepe ya msajili nimeihamisha, makala saba za akiba nimezirudisha kuwa rasimu, bandiko la kuaga nimelifuta tarehe. Ile wiki mbili niliyoitumia kukomboa domeini na kuwabembeleza wa huduma kwa wateja nimeihesabu kuwa kazi, kwa hiyo likizo nimejiongezea wiki mbili. Zinaanza kesho.

#33 Bi Rasimu

Na humu je, utakuwa unaingia?

#34 Kalamu Butu (mleta uzi)

Kuchungulia tu.

#35 Mama Aya

Mpe mdogo wako nywila.